Kaunta buku ya kwaya mbili, baada ya mwaka mmoja na watoto 78

Kaunta buku ninayoizungumzia ni ile ya kawaida kabisa: ukubwa wa A4, jalada gumu jeusi, mgongo wa kitambaa chekundu, mistari ya bluu iliyofifia kidogo, kurasa 192. Steshenari wanaiita ya kwaya mbili; kwaya ni kipimo cha karatasi, na hapa kila moja ni kurasa 96. Niliinunua Singida mjini kwa shilingi 3,500. Muuzaji aliniuliza kama nafungua duka, na sikushangaa, maana vitabu hivi vimezoea mikono ya mawakala wa pesa za simu na makatibu wa vikoba. Mimi niliichukua kwa ajili ya darasa la pili, karatasi moja kwa mtoto mmoja, na imekaa mezani kwangu mwaka mzima wa masomo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya gundi, nitafika huko. Walimu wanaoanza kazi huniuliza wabebe nini wanapokwenda kuripoti, na najua wanatamani niwatajie spika ndogo ya darasani, au tableti, au ile mihuri ya nyota inayouzwa Kariakoo kwa mafungu. Mihuri ninayo. Watoto waliipenda wiki za mwanzo, halafu wakaanza kuidai hata kwa kazi ambayo hawakuifanya. Kaunta buku haimfurahishi mtoto yeyote, wala hawajui imeandikwa nini. Inamfaa mwalimu, na ni lazima nieleze inamfaa kwa lipi kabla sijaanza kusifu au kulaumu karatasi.

Mwalimu mpya anayepangiwa kijijini anakutana na mambo ambayo chuoni aliyasikia kama hesabu za mtihani. Kiwango rasmi cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, madarasa ya chini ya shule nyingi yamejaa kupita hapo, na langu lilikuwa na watoto 78. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Gawa mwenyewe: sekunde 23 kwa kila mtoto, kama hakuna anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, kama dawati halijavunjika mguu, na kama hajaja mjumbe kutoka ofisini kuandika majina ya wasio na sare. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikuwa na wiki nzima ya kuandaa somo moja, zana mpya ya manila kila mara, na mkufunzi amekaa nyuma na kalamu yake. Huku uko peke yako, na manila unajinunulia.

Miezi ya mwanzo watoto 78 wanakuwa sauti moja. "Shikamoo mwalimu," sauti moja. "Tumeelewa mwalimu," sauti moja, tena kubwa zaidi pale ambapo hawajaelewa. Kwa kuwa huoni mtu mmoja mmoja, unabaki kujitazama mwenyewe. Leo nimefundisha vizuri? Azimio la kazi, yaani mpango wa masomo, nimefika wapi? Mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule, akitokea mlangoni atakuta andalio la somo limejazwa? Mkuu amenionaje? Siku majibu yakiwa mazuri unarudi nyumbani unaimba, yakiwa mabaya unasoma matangazo ya kazi za benki. Nimewaona wenzangu wazuri sana, wenye akili na wenye kuwapenda watoto, wakikauka ndani ya mwaka mmoja kwa namna hiyo. Hawakuwa wavivu. Kila jioni walikuwa wanajisahihisha wao wenyewe, na mtoto hayumo kabisa kwenye huo usahihishaji.

Wazo la kaunta buku nililiiba gengeni. Jirani na chumba nilichopanga kuna mama anayeuza unga, mafuta, sukari na mayai kwa mkopo. Ana kaunta buku kama hiyo, na kila nyumba ina ukurasa wake. Jioni moja nilikwenda kulipa deni, akafunua ukurasa wangu, akapitisha kidole, akasema, "Mwalimu, wiki hii hujachukua mayai wala sukari. Unaumwa?" Kweli nilikuwa na malaria. Alijua kwa kutazama mistari mitatu. Mimi ninayekaa na watoto wa watu kuanzia asubuhi nisingeweza kusema kuhusu mmoja wao alifanya nini wiki iliyopita, zaidi ya alama alizopata.

Sasa matumizi. Karatasi 96 ukitoa 78 zinabaki 18. Mbili za mwanzo nimeziweka fahirisi, kwa sababu kitabu hakiji na namba za kurasa na ni lazima uziandike mwenyewe kwa mkono (kazi ya jioni moja, weka redio). Kumi nimewatunzia watoto wanaohamia katikati ya mwaka, na zilizobaki nyuma ni zangu. Sikuwapanga kwa alfabeti, nimewapanga kwa madawati. Ukiwapanga kwa alfabeti utaandika kwa bidii kuhusu akina Abdallah na akina Agnes, na akina Zainabu watafika mwezi wa nne.

Kila siku naandika watoto watano, sentensi moja moja yenye tarehe, wakati wa uji wa saa nne. Dakika kumi zinatosha. Sharti nililojiwekea ni kuandika nilichokiona kwa macho au kukisikia kwa masikio. "Mtundu" hairuhusiwi. "Mzito" hairuhusiwi. "Hajui kusoma" nayo hairuhusiwi, maana haikuambii kesho ufanye nini. Badala yake: "Amesoma ba, be, bi bila kusita. Kwenye bwa amenyamaza, akanitazama mdomo." Hapo kesho yake najua nianzie wapi na mtoto huyo, na najua pia kwamba huenda wako wengine kumi wanaonitazama mdomo. Kwa mwendo huo kila mtoto anafikiwa mara moja katika wiki tatu na kidogo. Ni kidogo, ndiyo. Lakini ni zaidi ya sifuri, ambayo ndiyo idadi ya mara ambazo mtoto mkimya wa dawati la kati hufikiwa katika darasa la watoto 78 ikiwa hakuna utaratibu. Wanaoandikwa kichwani mwa mwalimu bila utaratibu ni wale watano wanaojua kila kitu na wale watano wanaopigana.

Majina sitayataja, ni watoto wa watu. Nitataja karatasi.

Karatasi ya 31 ni ya kijana mwenye sauti kuliko wote. Akisimama kusoma, madirisha yanasikia. Mistari yake miwili ya kwanza inasema karibu kitu kimoja: amesoma hadithi yote bila kukosea. Mstari wa tatu unasema amesoma hadithi yote bila kukosea, kitabu kikiwa juu chini. Alikuwa ameishika hadithi kwa kichwa, neno kwa neno, kwa kusikiliza wenzake. Kumbukumbu ya ajabu, tusiidharau. Lakini kusoma bado. Nikaandika sentensi za hadithi ileile kwenye vipande vya manila, nikavichanganya, nikampa kimoja kimoja. Alikasirika. Siku mbili alikataa kabisa kunitazama. Mistari inayofuata inakwenda polepole: amesoma neno moja, amesoma maneno matatu, ameniuliza "hili ni nini mwalimu" (hiyo niliipigia mstari, kwa sababu kabla ya hapo hakuwahi kuuliza kitu). Mstari wa Oktoba unasema amesoma aya asiyowahi kuisikia, kwa sauti ya chini, akifuata kwa kidole. Ukiingia darasani ghafla utadhani ameshuka. Rejista ya alama pia ilionyesha ameshuka kwa muda. Bila ile karatasi na mimi ningeamini hivyo.

Karatasi ya 52 ni ya binti aliyekuwa anasinzia. Kwenye rejista alikuwa na alama za kuchelewa na za kutokuwepo, basi, rejista imemaliza kazi yake. Kwenye kaunta buku tarehe zilijipanga zenyewe: mtama ulipoanza kukomaa, ndipo usingizi ulipoanza. Watu wa Singida na Dodoma hawahitaji kuelezwa habari za kwelea kwelea. Kundi likitua shambani alfajiri, msimu wa familia umekwisha kabla ya chai, na wanaoamia ndege ni watoto, kwa sababu wana miguu na sauti. Ndege hao hula sana asubuhi na jioni. Jua likiwa kali hupumzika kwenye miti. Nilikwenda kwao. Sikwenda kuhubiri haki ya mtoto kwa mama ambaye chakula chake cha mwaka kiko mdomoni mwa ndege. Tulikubaliana afike saa tatu, na mimi nikahamisha zoezi lake la kusoma na kikundi chake likawa baada ya uji. Usingizi ulipungua. Mvua za msimu ujao sijui itakuwaje, mtama hauwaulizi walimu.

Karatasi ya 7 ilinifundisha uvumilivu kuliko semina yoyote. Mimi ni mtu wa Muheza. Kiswahili nimezaliwa nacho, na Kinyaturu nilikisikia kwa mara ya kwanza siku niliposhuka na begi langu. Mtoto huyu nyumbani wanaongea Kinyaturu, na Kiswahili kwake ni kitu cha shuleni, kama sare. Mistari minne ya mwanzo: hakusema. Hakusema. Amecheka wenzake walipocheka. Hakusema. Kisha kuna mmoja wa siku ya kuhesabu kwa mawe nje, chini ya mwembe: "Amehesabu mpaka 40 kwa Kinyaturu akimfundisha mwenzake, hakukosea." Yaani hesabu alikuwa nayo siku zote. Nilimkalisha na yule mwenzake anayejua lugha zote mbili, nikawa namuuliza kupitia kwake, na baadaye bila yeye. Leo anaongea Kiswahili chenye lafudhi tamu na hanyamazi. Sasa nina tatizo la kumnyamazisha.

Ipo na karatasi ya 66. Ina mistari mitano tu. Familia ilihama na ng'ombe kufuata malisho, uhamisho haukuombwa na hakuna shule iliyoandika kumwulizia. Mstari wa tano unasema ameandika jina lake kamili bila kunakili. Nimeiacha ilivyo.

Hapo ndipo hamasa yangu inapotoka, kama mtu anataka jibu. Hamasa ya semina hunidumu mpaka ninaposhuka kwenye basi. Picha zenye maneno ya kutia moyo zinazotumwa kwenye makundi ya simu sizifungui tena. Ijumaa mchana, nikiwa nimechoka na sauti imekwisha, nafunua karatasi yoyote, nasoma mstari wa kwanza na wa mwisho. Mara nyingi kuna umbali kati yake. Mara nyingine hakuna, na hilo nalo linanipa kazi ya Jumatatu, ambayo ni bora kuliko kukaa unajiuliza kama wewe ni mwalimu mzuri. Wiki iliyonikuta na hasira kwa mkuu, kwa mvua, kwa bei ya vifurushi, mtoto wa karatasi ya 19 alikuwa ameandika "mbuzi" kwa mara ya kwanza bila kusahau m. Hiyo haikuondoa hasira. Ilinipa kitu kingine cha kusimulia nilipopiga simu nyumbani.

Zile karatasi za nyuma, za kwangu, nazo zina sharti: jambo moja nililojaribu, na watoto walifanya nini. Malalamiko hayaingii humo, nina dada yangu wa kumlalamikia. Ukianza kuandika manung'uniko kwenye kitabu cha watoto utaona haya kukifungua, na kitabu ambacho unaogopa kukifungua kimekufa.

Niseme na lile ambalo wauza maneno matamu hawasemi. Kaunta buku hailipi malimbikizo. Haijengi nyumba ya mwalimu, haipunguzi kilomita za kwenda benki, haiongezi madawati. Yupo atakayekuambia ualimu ni wito. Msikilize vizuri, mara nyingi anayesema hivyo anataka ufanye kitu bila malipo. Madai yana njia yake: barua, nakala, chama cha walimu, ofisi ya mkurugenzi, kufuatilia bila aibu. Mimi nafuatilia yangu kwa bidii zote. Ninachokataa ni kuyapeleka madai hayo kwa mtoto wa miaka minane. Hakuyaumba yeye, na hawezi kuyalipa. Kutenganisha hayo mawili ndilo jambo gumu zaidi katika miaka ya mwanzo, na kwangu utenganisho huo ulirahisika nilipokuwa na mahali pa kuwekea la mtoto peke yake.

Turudi kwenye bidhaa.

Jalada ni zuri kuliko bei yake. Limeangukiwa na kopo la uji, limekaliwa, limetumika kama kiti cha mtoto aliyekosa nafasi, na pembe zimechubuka tu. Karatasi ni nyembamba kiasi. Kalamu za jeli zinapenya hadi upande wa pili, kwa hiyo tumia kalamu ya bluu ya kawaida, ile ya bei rahisi, na usibonyeze. Penseli usitumie, vumbi na vidole vinaifuta ndani ya mwezi. Upepo wa Singida ukianza, vumbi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, na kingo za karatasi zimegeuka rangi ya udongo, lakini maandishi yanasomeka. Ililoana mara moja paa lilipovuja. Nilitenganisha karatasi moja moja na kuanika darasani, ikavimba kama chapati, ikarudi karibu na hali yake.

Gundi sasa. Kabla ya likizo ya katikati ya mwaka, fungu la katikati lilianza kutoka, likabaki linaning'inia kwa karatasi mbili. Kitabu kinachofunguliwa kila siku katika kurasa tofauti kinateseka kuliko cha genge, ambacho hufunguliwa zaidi upande wa mwisho. Niliishona kwa shazia na uzi wa fundi viatu, matundu manne, fundo nje. Tangu hapo haijasogea, ila mgongo umevimba na haifungi sawasawa. Somo kwa mnunuzi: kabla ya kulipa, ifungue katikati kabisa, uikunjue mpaka ilale, utazame bondeni. Ukiona uzi mweupe umepita, chukua. Usipouona, hiyo ni gundi tupu, irudishe hata kama ni ya bei nafuu. Zipo za viwanda mbalimbali na zinafanana kwa nje. Sitataja jina la hii yangu, kwa kuwa dukani nilikuta ya kiwanda hichohicho iliyoshonwa vizuri. Bahati ya fungu.

Kuhusu saizi: kwaya mbili inatosha darasa la hadi watoto 80. Zaidi ya hapo chukua kwaya tatu, kurasa 288, na usijaribu kubana watoto wawili kwenye karatasi moja, kwa sababu utaanza kuwalinganisha bila kukusudia na mmoja ataonewa. Kwaya nne, kurasa 384, niliwahi kuazima. Ni nzito, haiingii kwenye begi pamoja na madaftari ya kusahihisha, na utaiacha ofisini, na kikiachwa ofisini hakiandikwi. Nunua Novemba au Desemba. Januari kila mzazi yuko steshenari na bei inapanda bila kuomba radhi.

Nilivyojaribu kabla ya hapo nitavipitia haraka. Yapo madaftari ya mwalimu yaliyochapwa tayari, yana visanduku vya tabia: nzuri, wastani, mbaya. Kisanduku kikishakuwepo mkono unakitiki, na kesho hukumbuki ulikuwa unafikiria nini. Simu ni ya haraka, ila chaji ya umeme wa jua si ya kutegemea wakati wa mawingu, na watoto wakimwona mwalimu anabonyeza simu wanajua moja kwa moja kwamba hayupo. Madaftari madogo, moja kwa kila mtoto, ni balaa. Wiki ya pili huna hata nusu yake. Rejista, kumbukumbu za mitihani na taarifa tunazopeleka kwenye mfumo wa serikali ni lazima ziwepo na ziwe sahihi. Hizo zinamfahamisha mkuu na halmashauri. Hazikusudiwi kumkumbusha mwalimu nani alikuwa anamtazama mdomo.

Kuna tahadhari moja ambayo siifanyii mzaha. Kitabu kama hiki kinakusanya habari za nyumba za watu hata usipotaka. Kinakaa kwenye sanduku lenye kufuli. Hakisomwi kwa sauti ofisini, hakipigwi picha, hakipelekwi kwenye kikao cha wazazi. Na mtoto akikuambia, au mwili wake ukikuonyesha, kwamba anaumizwa, hilo halisubiri zamu yake ya kuandikwa. Linakwenda kwa mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Kuliandika vizuri halafu ukafunga kitabu ni kushiriki.

Niliwahi kukipeleka, kikiwa kimefungwa, tulipokutana walimu wa kata kwenye kituo cha walimu. Nilieleza utaratibu bila kufungua ukurasa. Mwalimu mmoja wa siku nyingi akasema yeye alikuwa anafanya hivyo kwenye maboksi ya chaki, karatasi ndogondogo, miaka ya nyuma, kabla hatujazaliwa. Mwingine akasema watoto watano kwa siku ni ndoto, yeye ana darasa la kwanza na la pili peke yake. Yuko sahihi, na sina jibu zuri la kumpa. Nilimwambia ajaribu watoto wawili. Aliniangalia kwa macho ambayo hata kaunta buku isingeyaandika kwa heshima.

Mwisho wa mwaka kuna swali ambalo sikulitegemea: kitabu kiende wapi? Mwenzangu anayepokea darasa la tatu alikiomba chote. Nilikataa, tukabishana kwa adabu. Yeye anaona ni hazina inayozikwa. Mimi naona mtoto wa Februari hastahili kumfuata mtoto wa Novemba mpaka darasa jipya, mwalimu mpya akimkuta tayari amehukumiwa kwa maandishi, hata yakiwa ya haki. Tulimaliza kwa kuandika mistari mitatu ya kila mtoto kwenye karatasi tofauti: anachoweza sasa, anapojikwaa, na kinachomfungua mdomo. Karatasi ya 7, kwa mfano, mstari wa tatu unasema mpe kitu cha kuhesabu kwanza. Ilinichukua siku nyingi za mwisho wa muhula na sikulipwa hata soda.

Yeye amenunua ya kwaya tatu, shilingi 5,000, iliyoshonwa. Nilimkagulia bondeni mwenyewe. Anapanga kuandika watoto wanane kwa siku. Nimemwambia aanze na watano, amebisha, anasema mimi naandika polepole. Tutaulizana Machi.